Moyo wa Nyumba Kumi

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Leo nimeambiwa nitasema mbele ya watu. 

Mwalimu wa zamu kaingia darasani na kutangaza: kidato cha tatu, wiki hii na ijayo ni elimu ya kujitegemea. Wavulana shamba la tumbaku. Wasichana bustani ya mchicha. Sikuzani Mfaume, yaani mimi, hospitali. Nikadhani nakwenda kudeki. Kumbe kutafsiri! Kuna daktari anakuja kutoka Norwe na mashine ya kupiga picha moyo ukiwa bado ndani ya mtu. Hajui Kiswahili hata chembe. Manesi ni wachache, hawawezi kuacha wodi. Mwalimu kasema Kiingereza changu cha kuandika ni safi. Cha kuandika! Cha kusema hajawahi kukisikia. Hata mimi sijawahi kukisikia.

Nimeomba nipewe jembe. Darasa zima limecheka.

Baba kafurahi. Alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni, kasema kwa upande mmoja wa midomo kwamba sasa nyumba yetu itakuwa na redio mbili, ile ya betri na mimi. Baba ndiye fundi wa mtaa mzima. Kanzu, sare za shule, suti za viongozi, zote zinapita chini ya sindano yake.

Sasa hili naliandika hapa tu. Wiki ile kabla ya Idi, Baba alikuwa anapiga pasi kanzu za watu. Nikaingia na chai. Alikuwa amesimama kimya, mkono mmoja mezani, mmoja kifuani, jasho linamtiririka, kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Pasi imelala juu ya kanzu ya mtu, inaiunguza. Aliponiona kasema: "Usimwambie mama yako." Mama ana mimba kubwa, na iliyotangulia ilitoka. Sikusema. Lakini nimemwona tena akisikiliza vile. Na tena.

Hospitali haendi. Anasema kule ni kwa wagonjwa.


Jumatano, 6 Oktoba 1976

Mkutano wa tawi. Nimesimama nyuma kabisa, nyuma ya Mama, ambaye siku hizi anaficha watu vizuri.

Daktari ameleta maombi kabla hajafika mwenyewe. Anataka watu wanaobanwa kifua wakibeba mzigo au wakipanda mlima. Basi. Rahisi.

Kamati imelijadili na kuona aibu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masolwa, kasimama na kusema: mgeni atoke Ulaya yote hiyo, avuke bahari, halafu tumwonyeshe wagonjwa? Taifa zima litaonekana bovu! Watu wakapiga makofi. Kwa hiyo imepitishwa: kila nyumba kumi itoe mtu mmoja, awe mzima wa afya, anayetembea wima, na awe na suti.

Nyumba zetu kumi zimemtoa Baba. Kwa sababu ya suti.

Baba hawezi kukataa heshima. Akasimama, akainamisha kichwa. Nikaficha uso kwenye khanga ya Mama, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kucheka. Mji mzima umetafuta mtu mzima na umemwokota mgonjwa!

Tuliporudi Bi Tatu alikuwa ameshapata habari. Bi Tatu ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, mjane wa mtu wa reli, anakaanga vitumbua. Ni Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo ya msafara kutoka huku hadi kwao pwani. Kwa hiyo anaweza kutuambia lolote na kuchukua lolote, na sisi hatuna ruhusa ya kukasirika. Mwaka jana alichukua jogoo wa Idi akiwa tayari sufuriani! Baba akamkomboa kwa gauni. Baba ni mkubwa kwake kwa umri lakini Bi Tatu hajawahi kumpa shikamoo. Eti atamwamkiaje mpagazi wake?

"Mpagazi wangu atapigwa picha ya moyo!" kapiga kelele kutoka kwake. "Wataona nini humo? Gunia la karanga!"

"Wewe wakikupiga," Baba kajibu, "wataona ngoma na usingizi."


Ijumaa, 8 Oktoba 1976

Amefika. Mrefu, masikio mekundu kama yamechapwa. Anaitwa Daktari Henrik. Mashine ilitangulia kwa treni, ndani ya makasha. Dawa imekuja leo kwa ndege, kijichupa kidogo ndani ya chungu kizito cha madini ya risasi, kimebebwa na wanaume wawili kama bibi harusi.

Nimeelewa hivi, na nimeelewa kwa sababu nilimwomba arudie mara nyingi mpaka nikaona haya. Si eksirei. Eksirei inamulika kutoka nje. Hii dawa inaingizwa kwenye damu, nayo inatoa miali kutoka ndani. Damu inaipeleka mpaka kwenye nyama ya moyo. Pale damu inapofika, panaonekana. Pale mshipa ulipojaa mafuta na damu haifiki, hapaonekani. Mashine inasoma miali na kuchora.

Lakini dawa yenyewe haikai. Nguvu yake inapungua tangu siku inatengenezwa, kila baada ya siku tatu nusu yake imeshakwenda. Ndiyo maana walikuwa wanakimbia.

Wamekimbia mpaka kwenye hotuba. Mwenyekiti wa tawi. Kisha kwaya. Kisha Mzee Masolwa, juu ya historia ya moyo katika kuleta maendeleo. Kisha kwaya tena. Daktari anatazama saa, anatazama chungu, anatazama saa. Kaniinamia sikioni: tafadhali waambie dawa inakufa.

Nikasimama.  Nikaona meno ya Mzee Masolwa, nikaona Baba ananitazama kwa fahari. Nitawakatiza vipi wazee?

Nikasema: "Daktari anashukuru sana."

Makofi! Vigelegele! Na kwa sababu Daktari anashukuru, mwenyekiti akaona si vibaya aongeze maneno machache. Dawa ikaendelea kufa kwenye chungu chake.

Nimejichukia mpaka sasa hivi.


Jumamosi, 9 Oktoba 1976

Sijui nianzie wapi. Nianze na suti.

Wamekuja wazima wote, wamenyooshwa pasi, wamepaka mafuta. Wengine na chanuo mfukoni. Mkulima wa Ntalikwa amekuja na jembe lake ili nalo litokee pichani, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Daktari anamwuliza kila mtu: kifua kinabana? Kila mtu: "Hapana, mzima kabisa." Natafsiri. Hapana. Hapana. Hapana. Mwisho Daktari kaniuliza mimi, kwa upole, kama katika mji huu kuna mgonjwa hata mmoja. Nikasema wapo wodini, mlango wa pili. Akashika kichwa.

Zamu ya Baba. Kuna sanduku la mbao la kupanda na kushuka ili moyo uchoke kidogo kabla ya sindano. Kwaya ya tawi imejipa kazi ya kuimba ili watu wapande kwa mpango. Baba akapanda, akashuka, tai imekaa sawa. Akapanda, akashuka. Uso ukaanza kung'aa jasho. Mkono ukataka kwenda kifuani, akaupeleka kwenye tai, kana kwamba anairekebisha.

Daktari: je, anaumia?

Nikamwuliza Baba. Baba kasema, "Hapana. Mwambie mzima kabisa."

Nikamgeukia Daktari na kusema kwa Kiingereza: ndiyo.

Neno moja tu. Lilitoka lenyewe, safi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Daktari akanitazama mimi, akamtazama Baba, akachukua sindano haraka.

Halafu Baba akalazwa kitandani chini ya mashine. Ina mkono wa chuma unaokwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, polepole juu ya kifua, na pembeni kuna sindano inayogonga vidoti kwenye karatasi, tak-tak-tak, mstari chini ya mstari. Baba akafumbua jicho moja. Kasema: "Hii cherehani ni ya nani?" Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, kisha: "Lakini inashona polepole mno. Mteja angeondoka."

Mwisho kapewa masharti. Kwa siku chache asilale karibu na mama mjamzito wala asibebe watoto, kwa sababu ya miali. Hayo nimeyatafsiri yote, sawasawa, sijaacha kitu. Amehamishia mkeka chumba cha kushonea. Mama anamsogezea chakula kwa fimbo ya kufungia mlango na kucheka.


Jumapili, 10 Oktoba 1976

Nimefanya jambo baya kuliko lile la Ijumaa.

Daktari alitandika karatasi mezani. Moyo wa Baba. Vidoti vingi vimejikusanya kama andazi la duara lenye tundu katikati. Lakini upande mmoja andazi limeumwa. Hakuna vidoti. Pameachwa peupe.

Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, ananitazama machoni. Mshipa unaolisha upande ule una mafuta yaliyoganda ukutani. Mtu anaweza kuishi nayo miaka. Hatari ni kwamba anavyoona yeye Daktari, kwa jinsi maumivu yanavyomjia Baba na kwa picha hii, yale mafuta yanaweza kupasuka siku yoyote, damu ikagandia palepale, mshipa ukaziba mara moja. Basi tena. Asibebe kizito. Asikimbie. Asile mafuta. Na Alhamisi apande treni pamoja na yeye Daktari kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam, kitanda kimeshaombwa. Kasema: mwambie baba yako neno kwa neno.

Baba alikuwa amekaa palepale, mguu juu ya mguu, amevaa suti, anasubiri kusifiwa.

Kiingereza changu ni cha darasani. Naweza kueleza viwanda vya Uingereza vilianzaje. Kiswahili changu ni cha nyumbani, na katika Kiswahili cha nyumbani sijui mtoto anamwambiaje baba yake kwamba anaweza kufa akinyanyua pasi.

Nikasema: "Daktari anasema picha imetoka. Upumzike kidogo. Na Alhamisi twende Dar, ukitaka."

Ukitaka! Hilo neno nimelitengeneza mwenyewe. Daktari hakulisema popote.

Baba akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa heshima. Daktari akaona ameelewa yote na ni jasiri, akampa mkono kwa mikono miwili. Kisha Baba akaivuta karatasi, akaitazama kwa jicho la kazi, akaweka kidole pale peupe.

"Hapa cherehani yao imeruka," kasema. "Waambie wabadili sindano."

Dar hatakwenda. Ana sare za kwaya za kumaliza.

Mzee Masolwa kaichukua picha kabla sijaisogelea. Kasema moyo wa Mfaume umetolewa na nyumba kumi, kwa hiyo ni moyo wa nyumba kumi. Umebandikwa ofisi ya tawi, kwa gundi.


Jumatatu, 11 Oktoba 1976

Watu wanakwenda kuutazama. Wanavua viatu mlangoni, sijui nani kaanzisha. Wanasema moyo wa Mfaume ni mzuri, umeshonwa vizuri. Mama naye kaenda na tumbo lake. Kaniuliza pale peupe ni pa nini.

Nikasema ndipo panapoandikwa jina.

Sasa nimemdanganya Daktari, Baba na Mama. Nimebakiza mtoto aliye tumboni.

Nimewaza nimwambie nani. Mama, hapana. Mzee Masolwa ataitisha mkutano. Ndipo nikamkumbuka Bi Tatu. Mtani anaruhusiwa! Yale ambayo mtoto hawezi kumwambia baba, wala mke hawezi kumwambia mume, mtani anayasema hadharani na watu wanampa maji ya kunywa. Nikashangaa sikufikiri mapema.

Nilimkuta anakaanga vitumbua. Nikasimama karibu na moto nikamwambia. Yote! Mshipa, mafuta, kupasuka, treni ya Alhamisi. Maneno yalitoka kama nasoma. Kitumbua kimoja kikaungua mbele yake, hakukigeuza.

"Rudia," kasema.

Nikarudia.

"Na mama yako hajui."

"Hajui."

Akaondoa karai motoni. Kasema nimwachie yeye, kazi ya kumtia adabu mpagazi ni yake. Lakini hakucheka. Usiku huu nitalala.


Jumanne, 12 Oktoba 1976

Bora nisingezaliwa na ulimi kabisa.

Bi Tatu alikuja asubuhi chumba cha kushonea. Baba ana wateja, na fundi mwenzake Eustace anatoboa vishimo vya vifungo. Mimi niko mlangoni. Bi Tatu akasimama wima, khanga ameifunga vizuri, akasema: "Mfaume. Mshipa wako wa moyo umejaa mafuta. Usipopanda treni Alhamisi utakufa."

Eustace akaacha kutoboa. Kisha chumba kizima kikapasuka kwa kicheko.

Baba akaweka mkasi chini. "Ukinizika," kasema, "nizike mbali na Wazaramo wenzio. Nitakosa usingizi kwa ngoma zenu."

"Sikutanii, Mfaume."

Eustace akaanguka juu ya marobota ya vitambaa, ameshika mbavu. Eti hamtanii!

"Wallahi sikutanii!"

Wakazidi. Mteja mmoja akatoka nje kuwaita wengine waje wasikie. Bi Tatu anazunguka, anawatazama mmoja mmoja, kila anayemtazama anacheka zaidi. Hapo ndipo alipoanza kulia. Kweli kabisa. Machozi yanashuka mpaka kidevuni. Nao wakapiga makofi! Wakasema tangu wazaliwe hawajaona mtani anayejua kazi yake namna hii.

Nilisahau jambo moja dogo. Mtani anaruhusiwa kusema lolote kwa sababu hakuna anayemsadiki. Nilikuwa nimempa ukweli mtu pekee mjini ambaye Baba hawezi kumsadiki.

Kisha mambo yakaharibika. Wanawake wa mtaa wakasikia kilio kutoka chumba ambacho wanajua Mfaume ametengwa tangu Jumamosi. Wakajitanda khanga kichwani, wakaja. Mikeka ikatandikwa. Mtu akakoka moto. Mzee Masolwa akakimbia ofisini kuufunika moyo kwa kitambaa cheusi. Baba akatoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni kuuliza nani amekufa. Mama akawaambia waondoke, anacheka huku ameshika kiuno. Lakini maji ya chai yalikuwa yameshachemka, basi wakakaa.

Na hayakuishia hapo. Rafiki za marehemu mume wa Bi Tatu wakapiga simu ya reli mpaka Goweko kutangaza msiba. Jioni Baba mdogo Nassibu akashuka treni ya mizigo akiwa na kondoo, macho yamevimba. Akamkuta marehemu anapima mtu suruali.

"Nimelia tangu Goweko!" kasema. Alikasirika kweli. Baba akamkumbatia, akacheka. Baba mdogo akauliza kondoo afanyeje, maana amemtoa kwa msiba na hawezi kumrudisha kama vile hakuna kilichotokea. Wakamchinja.

Kondoo mwenye mkia mnene.

Wakampa Baba mkia, maana msiba ni wake. Mafuta matupu, yanatetemeka kwenye sahani. Bi Tatu akanyoosha mkono akaunyakua. Kelele! Mtani anakula urithi! Wakamnyang'anya wakamrudishia Baba, Baba akaula huku anacheka, akacheka mpaka akanyamaza ghafla, mkono kifuani, akasikiliza.

Wengine wakadhani anaigiza maiti. Wakapiga vigelegele.

Mimi na Bi Tatu tulitazamana juu ya sinia.


Jumatano, 13 Oktoba 1976

Nilikwenda chumba cha kushonea nimwambie. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Baba kauliza, "Nini, mwanangu?" Nikaokota pini chini, nikampa. Kasema ahsante.

Bi Tatu hajakaanga leo. Mtaa mzima unazungumza: mtani kanuna! Jioni kaniita ukutani, kaniuliza baba yangu anapenda nini kuliko roho yake.

Sikufikiri. Nikasema, "Cherehani."


Alhamisi, 14 Oktoba 1976

Naandika kwenye benchi la stesheni. Mwandiko mbaya, naandikia gotini. Treni ya kutoka Kigoma imechelewa, inasemekana imeharibika Usoke, inasemekana imetengenezwa.

Nieleze haraka.

Mchana Bi Tatu kaingia kwetu bila hodi. Hakumsemesha mtu. Akafungua skrubu za cherehani, akakiondoa kichwa chake chote cha chuma kwenye meza, akakunja kata ya khanga, Eustace akamtwisha akidhani ni mchezo. Ni mchezo, ndiyo. Mtani kachukua.

"Kesho nitaikomboa," Baba kasema.

"Leo," kasema Bi Tatu. "Stesheni." Akatoka.

Mtaani watu waliacha kazi. Mzaramo amebeba mzigo wa Mnyamwezi! Tangu misafara ya mababu haijaonekana! Wazee wakatoka misikitini, watoto wakaimba nyuma yake, kina mama wakamtupia khanga njiani. Shingo yake inatetemeka, anasonga tu mbele. Baba akavaa koti juu ya nguo za kazi, akamfuata. Alitaka kukimbia. Nikamshika mkono kwa mikono miwili nikaning'inia kama mtoto. "Polepole, Baba. Polepole." Ndiyo maneno pekee niliyoweza, nimeyasema njia nzima. Alidhani naona aibu ya watu. Kasema nisione aibu, huu ni utani wetu tangu zamani.

Tumefika. Daktari Henrik yuko kwenye makasha yake. Mzee Masolwa naye amefika, ameleta taarifa kwamba moyo ukisafiri picha inabaki tawini.

Bi Tatu akakaa chini, cherehani mapajani. Baba akaanza kukomboa. Gauni moja. Hapana. Magauni mawili na khanga. Hapana.

"Basi unataka nini, mvivu wa pwani?"

"Upande treni."

Stesheni nzima ikacheka. Daktari akaniuliza kuna nini. Nikajaribu kumweleza kwa Kiingereza kwamba huyu mama ameiba cherehani kwa heshima. Hakuelewa. Akauliza jambo moja: baba yako anajua, sivyo?

Nikatazama viatu vyangu.

Bi Tatu alituona. Hajui Kiingereza lakini alituona. Akaiweka cherehani sakafuni. Akasimama, akajifunga khanga upya, akamsogelea Baba, akakunja magoti kidogo kama mdogo mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, kaka Mfaume."

Kicheko kilikatika kama mtu ameondoa mguu kwenye pedali. Hata watoto. 

Baba hakuitikia. Alimtazama Bi Tatu kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikuzani. Yule daktari alisema nini? Maneno yake. Si yako."

Nikafungua mdomo kikatoka Kiingereza. Neno kwa neno kama nilivyoyashika Jumapili, yote, mpaka mwisho. Daktari anaitikia kwa kichwa. Baba akasubiri nimalize.

"Sasa Kiswahili," kasema.

Nikasema. Mbele ya watu wote wa nyumba kumi na wa nyumba nyingine. Nilisema neno kupasuka. Nilisema neno kufa. Nikasema pia kwamba neno ukitaka lilikuwa langu.

Baba akauliza kama mama yangu anajua. Nikasema hajui. Akavua futi shingoni, akaanza kuikunja, akaikunja ndogo sana, akaikunjua, akaikunja tena. Nimekuja kukaa hapa ili nisimtazame.

Kengele ya stesheni imegonga. Watu wanainua mizigo. Baba ameinama anataka kunyanyua cherehani yake, sijui airudishe nyumbani au aipandishe, na Bi Tatu ameshaikamata upande wa pili. "Usinyanyue," anasema, "usinyanyue, kaka." Wameishika wote wawili, hakuna anayeachia. Hakuna anayecheka. Treni naisikia sasa.

Na bado Baba hajamwitikia marahaba.